Chupa ya Kikohozi Katika Kabati la Asidi

Vijana wa maabara, siku ile ya soda na keki za kuniaga mliniomba niwaandikie machache ya kuwafaa kazini. Nadhani mlitegemea nieleze jinsi ya kuosha bureti. Nitaeleza. Lakini kwanza nitoe aibu yangu, maana nisipoisema hapa mwanzoni nitaikwepa mpaka mwisho, kama nilivyoikwepa kazini. Kwa miaka thelathini na moja nililipwa mshahara wa serikali kutazama rangi zikibadilika, na rangi nyingi kati ya hizo sizioni.

Mimi si kipofu. Buluu naiona, njano naiona, na mwenye duka akinipunguzia kipimo namwona vizuri sana. Zinazonishinda ni nyekundu na kijani. Kwangu ni ndugu wawili waliofanana sura, na mmoja akija peke yake siwezi kumtaja jina. Shati mlilonizawadia ni zuri, asanteni. Mke wangu ameniambia ni la kijani.

Nilizaliwa Rombo, kwenye kahawa. Kahawa huchumwa ikiwa nyekundu, ya kijani huachwa mtini ikomae. Nikiwa na miaka minane nilijaza kikapu kizima, nikampelekea baba kwa majivuno. Alikimwaga chini akaanza kutenganisha kwa mkono, mbivu huku, mbichi kule, na rundo la mbichi likawa kubwa zaidi. Alinichapa kwa uvivu. Kesho yake nilirudia kosa lile lile, akanichapa kwa ukaidi. Mwishowe alinihamishia kwa ng'ombe, ambao mtu anaweza kuwalisha bila kujua rangi zao. Nami nilikua nikiamini kwamba ni mzembe, kwa sababu baba alikuwa mtu wa haki na hakuwa na tabia ya kusema uongo.

Mtu atauliza, kwa kazi zote zilizopo duniani, huyu alifikaje maabara? Nilifika kwa kutojua. Chuoni vipimo tulifanya wawili wawili, na mwenzangu alikuwa na macho makali na mdomo mwepesi. Alikuwa akisema "tayari" kabla mimi sijaanza kufikiri. Kazi yangu ikawa kuosha vyombo, na naamini hakuna aliyepata cheti cha kemia kwa kuosha vyombo vizuri kuliko mimi.

Shule niliyopangiwa kuwa fundi sanifu wa maabara mnaijua, iko kati ya maduka ya vitenge na maghala, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Hata wakati ule, ukifungua dirisha la maabara, mwalimu alikuwa anashindana na vipaza sauti vya wauza nguo. Siku yangu ya kwanza mwalimu wa kemia aliniambia nionyeshe kidato cha tatu namna ya kupima ukali wa siki. Kipimo chenyewe ni chepesi. Unaweka siki kwenye flaski, unatia matone mawili ya kiashiria kiitwacho fenofthalini, kisha unadondosha besi kutoka kwenye bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye namba na koki, kidogo kidogo. Fenofthalini kwenye asidi haina rangi. Asidi ikiisha tu, tone moja la ziada linaleta pinki hafifu, pinki ya kuona haya, na hapo unafunga koki na kusoma namba.

Mimi niliisubiri hiyo pinki. Nikadondosha, nikatikisa, nikadondosha tena, nikawaambia wanafunzi kwamba subira ni sehemu ya sayansi. Nilipokuja kuona kwamba maji yameanza kuwa na kiza kidogo, darasa zima lilikuwa linacheka. Kijana mmoja wa mbele akasema, "Mwalimu, tuletee na barafu, hiyo ni juisi ya rozela." Tangu siku hiyo jina langu likawa Bwana Rozela. Nilipoota mvi likapanda cheo, likawa Mzee Rozela, na hicho ndicho cheo pekee nitakachokitaja humu.

Aliyeniambia ukweli kuhusu macho yangu si daktari. Ni Mzee Kanti, aliyekuwa na duka la kemikali na vyombo vya maabara upande wa Mnazi Mmoja, duka jembamba kama ujia, mizani mbele, picha ya marehemu mama yake ukutani na shada la maua ya njano juu yake. Shule nyingi za mjini zilinunua kwake. Mwezi wangu wa pili nilikwenda na orodha. Alikuwa amepanda ngazi, akaniambia nimpe kutoka kaunta ile chupa yenye kifuniko cha kijani. Nikampa. Akaitazama, akaniangalia mimi, akashuka ngazi taratibu.

"Hii rangi gani?" aliniuliza.

"Inategemea mwanga, mzee."

"Mwanga huu huu tulionao."

Nikasema kijani. Akachukua nyingine, akauliza tena, nikasema nyekundu, ila kwa sauti ya kuuliza. Mzee Kanti hakucheka. Alivuta kigoda akakaa.

"Kaka yangu yuko hivyo hivyo," alisema. "Alikuwa anamuuzia bibi harusi sari ya kijani anamwambia nyekundu. Tulimtoa kwenye vitambaa tukamweka kwenye misumari, na mpaka leo anauza misumari vizuri kabisa. Si ujinga, bwana. Ni macho tu, umezaliwa nayo."

Sijui niwaeleze vipi nilivyojisikia. Nilifurahi, kwa sababu ile kahawa ya baba ilikuwa imepata maelezo. Papo hapo nikaogopa, kwa sababu kazi nilikuwa nimeipata juzi na chumba cha Magomeni nilikuwa nimeshakilipia miezi sita.

Mzee Kanti alipima unga kidogo kwenye mizani, akauyeyusha, akaumimina katika chupa tupu ya dawa ya kikohozi. "Bromofenoli buluu," alisema. "Inafanya kazi ile ile ya kiashiria chenu, metili oranji. Ila metili oranji inatoka njano kwenda nyekundu, wewe huwezi. Hii kwenye besi ni buluu, kwenye asidi ni njano. Hizo unaziona?"

"Naziona."

"Basi tumia. Lakini mwambie mkuu wako wa shule ukweli."

"Nitamwambia," nilisema, na nilimaanisha kabisa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua zaidi ya miaka thelathini, na mwisho wake palikuwa na pensheni.

Chupa ile niliiweka kabati la asidi, nyuma kabisa, ikiwa bado na karatasi yake ya kikohozi, kijiko kimoja mara tatu kwa siku. Kila ikipungua nilirudi kwa Mzee Kanti akaijaza. Niliitumia asubuhi kabla wanafunzi hawajaingia, nikapata namba yangu safi, kisha mbele ya darasa nikatumia metili oranji, nikifunga koki bureti inapofika kwenye namba ninayoijua. Walimu walisema Mzee Rozela ana jicho la ajabu, hakosei hata nusu tone. Nilikuwa naitikia kwa unyenyekevu.

Sasa ya bureti, kabla sijasahau. Isuuzeni kwa kimiminika kile kile mtakachokitia ndani, si kwa maji peke yake, kwa sababu maji yanayobaki yanaidhoofisha asidi na mtahangaika kutafuta namba ambayo haipo. Ondoeni faneli kabla ya kusoma. Na viashiria, matone mawili au matatu, basi. Wanafunzi wanadhani wakitia kijiko rangi itaonekana zaidi. Kiashiria chenyewe ni asidi dhaifu. Ndiyo maana kinabadilika, kwani besi inapokuja inakinyang'anya sehemu ya hidrojeni yake, umbo lake linageuka kidogo, na umbo likigeuka linameza mwanga mwingine na kuacha mwingine utufikie. Ukikitia kingi, nacho kinakunywa besi yako, kisha unailaumu siki.

Mkitaka mtoto aelewe bila kemikali, muulizeni nini hutokea pilau yenye manjano ikimwagikia kanzu na mama akaikimbilia kwa sabuni ya mche. Doa la njano linageuka jekundu, nyumba nzima inahamaki, likisuuzwa na limau linarudi njano. Manjano ni kiashiria. Hili watoto wa Kariakoo wameliona tangu wakiwa wadogo, hawakujua tu kwamba ni kemia. Mimi binafsi naona doa linakuwa jeusi jeusi, na hilo linanitosha.

Kuna mwaka viashiria vilikwisha na vingine havikuletwa. Nikaenda sokoni kwa wauza viungo, nikanunua rozela kavu, nikaichemsha kwenye jiko la maabara, ukumbi wote ukanukia kama kibanda cha juisi. Maji ya rozela ni mekundu kwenye asidi, na ukitia besi yanakuwa ya kijani. Yaani kwa hiari yangu na kwa fedha yangu nilikwenda kununua kiashiria kilichotengenezwa makusudi kunikomesha mimi. Binti mmoja akaninyooshea mrija wake wa kioo. "Mzee, hii ni nyekundu?" Nikasema, "Ndiyo, vizuri sana." Ilikuwa kijani kama majani ya mgomba. Nikamwambia nilikuwa napima kama yuko makini. Alinipigia makofi, na darasa zima likamfuata.

Nikaendelea hivyo. Uongo ukishapigiwa makofi unakuwa mzito kuuacha.

Sasa nifike kwa Idrisa. Alikuwa kidato cha nne, mtoto wa fundi betri wa Buguruni, mrefu, mpole, mwepesi wa hesabu kuliko kalkuleta. Alitaka kusomea ufamasia na alikuwa na kichwa cha kuufikia. Mwalimu wake wa kemia alikuwa Mwalimu Halima, ambaye nilimpokea mwenyewe alipoajiriwa, mwalimu mzuri, mkali, asiyependa kupotezewa muda. Tatizo lilikuwa moja. Karatasi za nadharia Idrisa alipata tisini na kitu. Kwenye taitresheni, yaani kipimo kile cha bureti, kwa metili oranji namba zake zilitawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Leo ishirini na moja, kesho ishirini na saba.

Kisha ukaja mtihani wa majaribio, nami nilikuwa msimamizi wa vitendo. Nilimwona Idrisa akidondosha asidi, akasimama, akatazama flaski ya jirani yake, akatazama yake, akadondosha tena, akatazama ya jirani. Alikuwa anafinya macho namna fulani, anatafuta tofauti ya mwanga badala ya rangi. Naujua mtazamo ule. Ni wangu. Nilimtambua kama mtu anavyomtambua mtu wa kijijini kwao katikati ya Kariakoo, nikageuza uso kabla hajanisalimia.

Namba zake safari hiyo zilikuwa sahihi. Mwalimu Halima akapiga hesabu yake, na hakuna wa kumlaumu. Mtoto ambaye namba zake hazijawahi kukaa pamoja, siku moja zinakaa sawa na za jirani. Aliitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Baba yake aliitwa pia, akaja na suruali ya kazi yenye matundu matundu ya maji ya betri. Mimi nikaitwa kama shahidi.

"Mzee Shirima," Mwalimu Halima aliniuliza, "ulimwona akitazama flaski ya mwenzake?"

"Nilimwona."

"Mara moja?"

"Mara nyingi."

Idrisa alisema, "Mwalimu, mimi sikuiba. Niliangalia ya mwenzangu ili nijue yangu imefika wapi."

"Yako imefika wapi huioni mwenyewe?" mkuu alimuuliza. "Si iko mbele yako?"

Kijana akanitazama mimi. Sijui kwa nini alinichagua mimi kati ya watu wanne. Nikatazama viatu vyangu, ambavyo mke wangu anasema ni vya kahawia. Baba yake akasema kwa sauti ya chini kwamba mwanawe ana makosa mengi ila wizi hajawahi kuuona kwake. Ikaamuliwa apewe barua ya onyo na asiingie maabara mpaka akiri. Mtihani wa taifa ulikuwa umebaki wiki chache, na asiyeingia maabara wiki hizo amekwisha.

Kila nilichokisema pale ofisini kilikuwa kweli. Hilo nililirudia moyoni njia nzima, na halikunisaidia chochote. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na nilikuwa nimemwaga kikapu cha mtoto wa mwenzangu chini, mbivu huku, mbichi kule.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa Mzee Kanti. Duka sasa liliendeshwa na binti yake, mzee mwenyewe alikuwa amekaa nyuma kwenye kiti cha plastiki, masikio yamepungua, akili iko pale pale. Binti alidhani nimekuja kujaziwa chupa, akanyoosha mkono. Nikamweleza mzee yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ulimwambia mkuu wako, mwaka ule?" aliuliza.

"Sikumwambia."

"Najua. Mtu aliyesema haji kuchukua dawa ya kikohozi miaka yote hii." Akageuza kiti chake kunielekea. "Mimi nilidhani nakusaidia kazi. Kumbe nilikuwa nakuuzia mahali pa kujificha. Wewe ukipata mahali, huyo kijana atajificha wapi?"

Asubuhi yake nilimwomba Mwalimu Halima aje maabara kabla ya kengele, na nikamwita Idrisa. Mkuu alikuja bila kuitwa, alidhani kijana anakiri. Nilipanga bureti mbili. Kwa ya kwanza nikatia metili oranji kwenye flaski na nikafanya taitresheni kama nionavyo mimi, bila kujua namba mapema. Nilidondosha, nikatikisa. Mwalimu Halima akajikohoza. Nikaendelea kudondosha.

"Mzee," alisema, "umeshapita. Umepita zamani."

"Sijaona."

"Hujaona nini?"

"Hiyo rangi. Sijawahi kuiona."

Nikachukua chupa ya kikohozi, nikatia matone matatu kwenye flaski nyingine, ikawa buluu, nikadondosha asidi mpaka ikageuka njano, nikafunga. Nikarudia mara mbili. Namba tatu zikakaa pamoja. Kisha nikampa Idrisa nafasi. Alipoona buluu ile ikianza kuondoka alifunga koki mwenyewe bila kumtazama mtu. Namba yake ikawa sawa na yangu. Akaisoma mara mbili, akakaa chini kwenye sakafu, akafunika uso.

Mwalimu Halima alizisoma namba zote mwenyewe. Kisha hasira ikampanda, na ilikuwa haki yake. "Yaani nilipokuwa mgeni hapa, nikikuuliza 'mzee, imefika?', ukaniambia imefika?"

"Nilikuwa nasoma uso wako, mwalimu. Ukiridhika wewe, nasema imefika."

"Na huu mtandio wangu ni rangi gani?"

"Kahawia."

"Ni kijani, mzee. Nimeuvaa kila Ijumaa miaka kumi na mbili." Akacheka bila kutaka, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio huo huo, kisha akaenda kuinama pale sakafuni alipo Idrisa na kumwomba radhi. Mimi nilikuwa bado nimeshika chupa.

Mngependa hadithi iishie hapo. Mimi pia. Lakini mtihani wa taifa ulihitaji metili oranji na hakuna aliye na ruhusa ya kubadili. Mkuu akaandika barua kuomba msaada kwa mtahiniwa. Alikuwa mtu mwema. Macho ya Idrisa aliyaeleza kwa ufasaha, ya kwangu akayaruka. "Mzee, umebakiza miezi michache," aliniambia. "Ya nini kujichafulia faili?" Nami nikamshukuru, nawaambia ukweli, nilimshukuru kwa moyo wote.

Majibu yakaja. Ombi limekubaliwa. Mtahiniwa ataruhusiwa kukaa na msaidizi wa kumtajia mabadiliko ya rangi, na kwa vile mwalimu wa somo haruhusiwi, msaidizi huyo awe fundi sanifu wa maabara wa shule.

Nilisoma mara tatu. Asiyeiona nyekundu atatajiwa nyekundu na asiyeiona nyekundu.

Nakiri kwamba nilifikiria njia, tena haraka. Asubuhi ya mtihani ningepata namba kwa chupa yangu, kisha ningekaa kando ya Idrisa, bureti ikifika kwenye namba niseme "hapo." Ningekuwa nimefanya nilichofanya maisha yote, na kijana angefaulu. Ilinichukua usiku mzima wa kugeuka kitandani kuona kilicho wazi, kwamba huo ndio wizi aliosingiziwa. Ningemfanya mwizi bila yeye kujua, ili faili langu libaki safi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilitaka kimuumbue mwenzangu.

Nikaandika barua yangu mwenyewe. Mimi, fundi sanifu wa maabara, sioni tofauti ya nyekundu na kijani, sijawahi kuiona, nimeificha tangu nilipoajiriwa, naomba mtu mwingine apangwe. Niliipeleka kwa mkono wangu, nikiwa nimevaa tai. Nilisubiri niitwe, nihojiwe, nifukuzwe. Baada ya siku nane likaja jibu la mistari miwili lenye jina la binti wa maabara wa shule ya jirani. Kuhusu mimi halikusema neno. Hofu ya miaka thelathini, vijana, ilijibiwa kwa kuongezwa karatasi moja kwenye faili.

Jumamosi nilikwenda Buguruni kwa baba yake Idrisa. Nilimkuta kibandani kwake katikati ya betri. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kukaa.

"Kwa hiyo pale ofisini ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Nimekuja kukuomba samahani."

Aliendelea kukaza nati muda mrefu. Kisha akainua waya mbili za kuunganishia betri. "Hii nyekundu, hii nyeusi," alisema. "Mwaka juzi aligeuza. Akaunguza gari la mteja. Nilimchapa, bwana. Nilimchapa kwa sababu ya waya hizi mbele ya watu, nikimwambia ana dharau." Akaziweka chini polepole. "Hakunijibu kitu. Angenijibu nini? Na yeye alikuwa anaamini hivyo hivyo."

Nilimsimulia habari ya kahawa. Baba yangu alifariki akijua kwamba alizaa mtoto mvivu, nikamwambia, na mimi nilikuwa na majibu mfukoni miaka yote, sikuwahi kupanda basi kwenda kumpa. Niliona haya. Fundi akanisogezea ndoo iliyopinduliwa, nikakaa. Idrisa aliporudi kutoka dukani alitukuta hivyo, na baba yake akasimama, akamfungia mwanawe kitambaa cheupe kwenye ile waya nyekundu, mafundo mawili.

Siku ya mtihani nilikaa nje ya maabara kwenye benchi la ukumbini, sina kazi, kwa mara ya kwanza. Vipaza sauti vya mtaani vilikuwa vinanadi mashati. Katikati ya makelele nilimsikia yule binti dirishani, sauti tulivu, "Bado. Bado. Bado." Kisha, "Hapo." Nilijikuta nimeshusha pumzi.

Idrisa alitoka wa mwisho. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Imekuwaje?"

"Imekaa vizuri. Tatu zote."

Nikamuuliza kwa mazoea, kama nilivyouliza maelfu ya watoto, "Ilikuwa rangi gani mwishoni?"

"Sijui, mzee," alisema, bila haya yoyote. "Nilimuuliza dada, akaniambia."

Alishafika ngazini nilipogundua kwamba nimesimama. Chupa mtaikuta kabati la asidi, rafu ya mbele. Nimebandua karatasi ya kikohozi.